Topido Chini ya Tumbo la Ndege

Tarehe 12 Agosti 1915, karibu na mlango bahari wa Dardanelles, Uturuki, rubani wa Kiingereza Charles Edmonds alishuka hadi mita tano hivi juu ya bahari, akaachia topido, nayo ikaipiga meli ya Waturuki. Hakuna ndege iliyowahi kufanya hivyo kabla. Yake ilikuwa Short 184, yenye maboya badala ya magurudumu, na ili inyanyuke na mzigo ule ilibidi amwache mwenzake na kupunguza mafuta. Siku tano baadaye injini ilimsumbua rubani mwenzake, George Dacre, akalazimika kutua majini. Hakukata tamaa: aliiendesha ndege juu ya maji kama mashua, akaachia topido, akaipiga tagi ya adui, kisha ndege ilipopata wepesi akaruka akaenda zake.

Ushujaa huo unaonyesha udhaifu ulipokuwa. Maboya ni mazito, yanazuia mwendo hewani, na bahari ikichafuka ndege haing'oki. Kwa hiyo mwaka 1916 Murray Sueter, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliitaka kampuni ya Sopwith itengeneze ndege ya mtu mmoja, yenye uwezo wa kubeba topido ya kilo 450 na mafuta ya saa nne. Ikazaliwa Cuckoo, ndege ya magurudumu, ya kurukia kwenye sitaha ya meli.

Ufundi ninaoustahi zaidi uko miguuni mwake. Ndege nyingi za wakati huo ziliunganisha magurudumu kwa ekseli moja iliyokatiza chini ya tumbo, pale pale topido inapopaswa kupita ikianguka. Katika Cuckoo ekseli hiyo iliondolewa: kila gurudumu likasimama kwa miguu yake, katikati pakabaki wazi. Mabawa nayo yalikunjwa ili ndege nyingi zienee melini.

Ndege ya majaribio iliruka Juni 1917, lakini kazi ya kuunda nyingine ilipewa kampuni zisizo na uzoefu, na injini zilizokusudiwa zikahitajika kwenye ndege za kivita za SE5. Admirali David Beatty, mkuu wa manowari za Uingereza, alikuwa akitamani kuzishambulia kwa Cuckoo manowari za Kijerumani zikiwa bandarini. Cuckoo zilipanda meli ya kubebea ndege ya Argus mwaka 1918. Tarehe 11 Novemba mwaka huo Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisha kabla hazijarusha hata topido moja kwa adui.

Lakini wazo lenyewe halikufa. Usiku wa 11 Novemba 1940, ndege 21 za Kiingereza aina ya Swordfish zilirushwa kuishambulia bandari ya Taranto, Italia, na topido zao zikapiga manowari tatu kubwa. Chini ya matumbo yao hapakuwa na ekseli.