Kuuza viatu ambavyo haujagusa: sheria ya Kiislamu inasema nini?

Wandugu, kila mwenye WhatsApp huku Butembo, Beni ao Kasindi anajua biashara hii. Kijana hana butiki, hana depo. Anachukua foto ya viatu kwa muuzaji wa Kampala ao Guangzhou, anaongeza bei yake, anaweka kwenye status. Ukishatuma feza kwa Airtel Money, ndipo anapiga komande. Vitu vinapita Mpondwe, vinavuka mto Lubiriha, vinaingia duane ya Kasindi. Yeye hajavigusa hata siku moja. Hiyo ndiyo dropshipingi. Shida inaanza pale: «Mama, bintu biko mu njia.» Wiki mbili zinapita. Muuzaji anasema kosa ni la mtu wa Kampala, na mtu wa Kampala hakujui.

Wengi wetu hapa si Waislamu, lakini fikihi inafaa kusomwa juu swali hili ni la zamani kwao. Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume jambo hilohilo: mtu anataka kitu nisicho nacho, je, nimuuzie kisha niende kukinunua sokoni? Alikatazwa. Hadithi iko kwa Abu Dawud na Tirmidhi. Wanazuoni wanaogopa gharari, yaani mnunuzi kulipia kitu kisichojulikana kama kitafika. Tena wanakataa faida ya mtu ambaye hakubeba hatari yoyote.

Mlango haujafungwa kabisa. Watu wa Madina walikuwa wanalipia tende mwaka mmoja ao miwili mbele, na Mtume akaruhusu kwa sharti kipimo, uzito na siku vijulikane. Hiyo inaitwa salamu. Feza inalipwa yote papo hapo, na kitu kinaelezwa sawasawa: namba, rangi, aina. Kwa hiyo ile «nusu sasa, nusu kikifika» ya kwetu haiko salamu. Mwaka 1990, Baraza la Fikihi la nchi za Kiislamu, huko Jeddah, lilikubali mapatano ya mbali kwa njia kama telefone, lakini likaondoa salamu juu ya sharti hilo la kulipa mara moja. Kwa maoni yangu, feza ya telefone inayofika kwa dakika moja inapunguza sana shida hiyo.

Njia ya pili ni wakala. Kijana anasema wazi: mimi ni mtumishi wako, kiatu dola 7, njia na duane 3, kazi yangu 2. Hapo haruhusiwi kuficha bei ya kweli na kuweka tofauti mfukoni, juu feza yako ni amana kwake.

Lakini angalia vizuri, hapa watu wanapotea. Kwenye salamu, kolisi ikipotea njiani, hasara ni ya muuzaji: bado ana deni lako. Kwenye wakala, akishakununulia na kolisi ikapotea bila uzembe wake, hasara ni yako. Foto ni ileile, bei ni ileile ya dola 12, lakini jina la mapatano linabadilisha nani atalia.

Na kikifika kibovu? Mnunuzi ana hiari ya kasoro: anarudisha kitu, anachukua feza yake. Wahanafi wanaongeza kwamba aliyenunua bila kuona anaweza kukataa akishaona. Ile karatasi ya «kilichouzwa hakirudi» haimwokoi muuzaji aliyejua ubovu akanyamaza.

Congo nayo ina sheria yake ya mambo ya numeriki, ya tarehe 13 Machi 2023. Lakini nani atalipa avoka juu ya viatu vya dola 12? Kwa hiyo, mbele ya kutuma feza, andika hivi na ungoje jibu kwa maandishi: «Ndugu, wewe ni muuzaji ao ni mtumishi wangu? Kitafika siku gani? Kikipotea ao kikiwa tofauti na foto, nani atanirudishia feza, na ndani ya siku ngapi?»