Bidhaa Ikiuzwa Hairudishwi: Maneno Yasiyomlinda Muuzaji wa Mtandaoni

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni moja. "Wakili, niandikie kwa lugha ya kisheria kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Mmoja anataka maneno hayo yakae juu kabisa ya ukurasa wake wa Instagram kwa herufi kubwa. Mwingine ameshayaandika, ila anaona kwa Kiingereza yatatisha zaidi. Wa tatu anauliza kama yakigongwa muhuri wa wakili yatapata nguvu. Nimelijibu kwa simu, nimelijibu kwa ujumbe, na wiki hii limeletwa tena. Nalijibu hapa kwa maandishi ili kila anayeuza nguo, simu, vyombo au nywele mtandaoni alipate jibu zima.

Hakuna lugha ya kisheria ya kuandika jambo hilo. Chagua maneno unavyotaka, kuza herufi unavyotaka: bidhaa ikiwa na kasoro, au ikiwa tofauti na ulivyoieleza, sheria ya Tanzania na ya Kenya inampa mteja haki ambayo tangazo lako haliwezi kuifuta.

Maneno haya yametoka kwenye risiti za maduka. Ukinunua kitambaa Kariakoo au redio Luthuli Avenue, Nairobi, unayakuta yamechapwa chini ya karatasi. Dukani angalau mwenye duka ana pa kuegemea, kwa kuwa mteja ameishika bidhaa, ameigeuza, pengine ameiwasha. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, ambayo ni Sura ya 214 Tanzania na Sura ya 31 Kenya, na ambayo kote kuwili imetokana na sheria ya Uingereza ya 1893, inasema mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kudai ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kifungo kilikuwa kimekatika, ulikiona, ukalipa. Hiyo ni hoja, na hakimu ataisikiliza.

Wewe wa mtandaoni hoja hiyo huna. Mteja wako wa Mwanza hajaligusa gauni, hajalijaribu, hajui kitambaa chake ni kizito au kinaonyesha ndani. Amelipa akiwa na picha nne na mistari miwili ya maandishi. Sheria hiyo hiyo inayaita hayo mauzo kwa maelezo, na katika mauzo ya namna hiyo bidhaa ni lazima ilingane na maelezo yake. Picha ulizoweka ni maelezo. Neno "mpya" ni maelezo. Sauti uliyomrekodia kwenye WhatsApp ukimhakikishia kwamba zipu ni ya chuma ni maelezo pia. Kisha, kwa kuwa unafanya biashara ya bidhaa za aina hiyo, sheria inataka bidhaa yenyewe iwe ya ubora unaouzika. Na mteja akikueleza kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wako, inapaswa kuifaa kazi hiyo. Amekuuliza kama blenda itasaga barafu kutwa nzima kwenye kibanda chake cha juisi, ukamjibu inasaga bila shida. Umeahidi, hata kama hukukusudia kuahidi.

Hapo ndipo wauzaji huniambia: lakini mteja aliyasoma masharti, akakubali, akalipa. Nawaelewa, kwa sababu katika mambo mengi makubaliano ni makubaliano. Hata Sheria ya Mauziano yenyewe inaruhusu pande mbili kuondoa masharti hayo kwa makubaliano ya wazi. Kwa mlaji, yaani mtu anayenunua kwa matumizi yake mwenyewe, mlango huo umefungwa. Sheria ya Kulinda Walaji ya Kenya ya 2012 inatamka kuwa sharti lolote linalodai kuondoa dhamana za Sheria ya Mauziano ni batili, hata likiwa ndani ya makubaliano yaliyotiwa saini. Nyuma yake imesimama ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya fidia anapopata hasara kwa kasoro. Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 ina sehemu nzima ya masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa mlaji hata yasipoandikwa, na imezuia kuyaondoa.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui hata kidogo. Sheria hiyo ya Tanzania, na Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010, zinakataza mfanyabiashara kumdanganya mteja kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa haki, dhamana au fidia yake. Unapomwandikia kwamba hana haki ya kurudisha chochote, ilhali sheria inampa, sentensi hiyo yenyewe ndiyo kosa. Umeichapa kwenye kila picha, ina jina la biashara yako na tarehe. Ulidhani unajenga ukuta, kumbe unamkusanyia mlalamikaji ushahidi.

"Mbona kwangu inafanya kazi? Tangu niiandike hakuna aliyerudisha." Inafanya kazi kwa mtu asiyejua haki zake, ambaye mara nyingi ndiye mteja mpole na mwaminifu. Anaiona blauzi iliyochanika kwapani, anasoma "hairudishwi," ananyamaza. Hanunui tena kwako, na dada zake hawanunui. Yule mkorofi uliyekuwa unamhofia haogopi maandishi. Kenya anakwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, inayotakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60, na ambako hahitaji wakili. Tanzania anaweza kwenda Tume ya Ushindani au mahakama ya kawaida, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeshakubali ujumbe na kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Atafungua simu aonyeshe ulichoandika, kisha aonyeshe ulichotuma.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba muuzaji mdogo anajilinda upande usiohitaji, na upande unaomkata ameuacha wazi. Wewe unaponunua dazeni tano za mashati kwa bei ya jumla ili ukauze, hununui kama mlaji. Ulinzi wa walaji niliouelezea hapo juu, kwa sehemu kubwa, haukufuniki katika manunuzi hayo. Unabaki na Sheria ya Mauziano peke yake, na nimeshasema kwamba sheria hiyo inaruhusu masharti kuondolewa kwa makubaliano. Kwa hiyo "hairudishwi" ya mwenye stoo inaweza kukubana wewe, wakati "hairudishwi" yako haimbani mteja wako. Mashati kumi yakiwa yameshonwa mikono isiyolingana, utawarudishia wateja kumi pesa zao, na mwenye stoo atakuonyesha risiti. Nguvu unayoitumia kumwandikia mteja vitisho, itumie stoo. Fungua robota kabla ya kulipa. Washa kila simu. Mwambie mwenye mali aandike kwenye risiti kwamba zenye kasoro atazibadilisha ndani ya siku mlizokubaliana. Akikataa, ujue kwamba bei aliyokupa ni bei ya mzigo wenye hatari hiyo ndani yake, na uamue kama unaitaka.

Sasa, yapo unayoweza kukataa, na ukatae bila woga. Mteja aliyepokea alichokiagiza, kizima, cha rangi na saizi aliyoitaja mwenyewe, kisha akasema mumewe hakukipenda, hana haki ya kukurudishia kwa sheria ya mauziano. Hapo sharti lako la kutorudisha lina nguvu, na liandike hivyo hivyo: hatupokei bidhaa isiyo na kasoro kwa sababu mteja amebadili mawazo. Muuzaji wa Kenya aongeze tahadhari moja. Sheria ya 2012 ina vifungu vya mikataba ya intaneti, na ukimnyima mteja taarifa zinazotakiwa kabla hajakubali, au usipompa nakala ya makubaliano, anapata muda wa kuuvunja mkataba bila kukueleza sababu. Nakala si jambo gumu. Ni ujumbe mmoja wenye jina la biashara, anwani, bidhaa, bei yote pamoja na usafiri, na siku ya kufika.

Kinachokulinda kweli ni maelezo ya bidhaa, ambayo wengi huyaandika kwa haraka ya mtu anayekimbilia basi. Gauni ni "fri saizi," simu ni "kama mpya," sofa ni "ya ngozi." Kila neno hapo ni ahadi, na kila ahadi utaulizwa. Andika kifua na urefu wa gauni kwa sentimita. Kama simu imetumika, sema imetumika, sema betri imebaki na asilimia ngapi, piga picha ya mkwaruzo ulioko nyuma. Kama sofa ni ya ngozi ya bandia, andika ngozi ya bandia. Kasoro uliyoitaja kabla ya malipo haiwezi kuwa sababu ya kurudishiwa. Kasoro uliyoificha ndiyo itakayokuleta ofisini kwangu. Wauzaji wa mitumba wanaogopa kwamba wakionyesha doa hawatauza. Watauza, kwa bei ya shati lenye doa, na mauzo hayo hayatarudi. Na msinielewe vibaya kuhusu bidhaa za kuiga: kuandika "kopi" kunamwambia mnunuzi ukweli, lakini hakukuepushi na sheria ya bidhaa bandia ya Kenya ya 2008 wala Sheria ya Alama za Bidhaa ya Tanzania. Hizo usiuze kabisa.

Yaliyobaki nayapitia haraka, kwa sababu hayana ugumu.

Malipo: picha ya muamala aliyokutumia mteja si malipo, na ujumbe uliotoka kwenye namba ya mtu binafsi si ujumbe wa kampuni ya simu. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kufunga mzigo. Tumia Lipa Namba au Till iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili mteja alione jina hilo anapolipa na mauzo yasichanganyike na pesa za nyumbani. Kupokea pesa hakuhitaji namba yako ya siri wala kubofya kiungo; anayekuambia vinahitajika ni mwizi. Ukichukua malipo ya mzigo ambao bado uko China, andika tarehe ya kufika na urudishe pesa mzigo usipofika.

Usafirishaji: kisheria, kumkabidhi msafirishaji mzigo huhesabiwa kwa kawaida kuwa umemkabidhi mnunuzi, lakini ni pale ambapo mmekubaliana mzigo usafirishwe, na makubaliano yako na msafirishaji yakawa ya busara kulingana na mali yenyewe. Televisheni uliyompa kondakta bila risiti haina ulinzi huo. Chukua risiti, andika thamani, piga picha mzigo ukiwa wazi na baada ya kufungwa, mtumie mteja namba ya gari na ya ofisi ya kupokelea. Kwa mteja wa mjini anayelipa akipokea, mruhusu afungue mbele ya bodaboda. Sheria inampa nafasi ya kukagua hata hivyo, na akiikagua na kuridhika, mgogoro wa kesho unapungua sana.

Muda: weka saa 48 za kuripoti kasoro inayoonekana. Hazifuti haki ya mteja kwa kasoro iliyojificha, ila zinasaidia kuonyesha muda gani ulikuwa wa kutosha kukagua. Nauli ya kurudisha bidhaa yenye kasoro ni yako. Mnunuzi anayeikataa bidhaa kwa haki hawajibiki kukuletea, inatosha akutaarifu kwamba ameikataa.

Kumbukumbu: usifute mazungumzo. Hifadhi tangazo kama lilivyokuwa siku ya mauzo, kwa kuwa ukilihariri baadaye mteja atakuwa na picha ya lile la kwanza.

La mwisho nalisema kwa msisitizo, kwa sababu linaongezeka. Mteja akikutapeli au akikataa mzigo mlangoni, usimwanike mtandaoni kwa picha, namba ya simu na mtaa anaokaa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa hizo alikupa kwa ajili ya kufikishiwa mzigo tu. Mwandikie barua ya madai, mripoti polisi kama kuna wizi, mpeleke mahakamani kama kuna deni. Ukizisambaza taarifa zake, mlalamikaji atakuwa yeye na mjibu shauri utakuwa wewe.