Ada ya Intaneti na Ujira wa Mwanamuziki

Wimbo unapohifadhiwa katika sahani ya CD, sauti yake hugeuzwa kuwa tarakimu. Hupimwa mara 44,100 kila sekunde, katika njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa hiyo sekunde moja huhitaji biti 1,411,200. Mtindo wa MP3, uliobuniwa kwa sehemu kubwa nchini Ujerumani, huacha sauti ambazo sikio halizitambui, na huweza kuipunguza hesabu hiyo hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi na moja. Ndiyo maana Napster ilipoanza huko Marekani mwaka 1999, mamilioni ya watu waliweza kupeana nyimbo kwa njia ya intaneti, na watunzi wasipate hata senti moja.

Je, mtunzi angelipwaje? Ujerumani Magharibi ilikwisha kukabili swali hili zama za vinasa sauti vya utepe. Mwaka 1964 mahakama ilikataa ombi la chama cha watunzi kwamba wauzaji wadai vitambulisho vya wanunuzi wa mashine hizo, kwa sababu faragha ya nyumba ya mtu ni lazima iheshimiwe. Sheria ya mwaka 1965 ikatafuta njia nyingine: mtengenezaji wa mashine alipe ada, nayo igawiwe watunzi.

Wako waliotaka kanuni hiyo itumike katika intaneti. Usiku wa tarehe 21 Desemba 2005, Bunge la Ufaransa lilipitisha, kwa kura 30 dhidi ya 28, pendekezo la kuhalalisha kubadilishana nyimbo kwa malipo ya ada. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi Machi 2006. Mwaka 2007 chama cha watunzi wa nyimbo wa Kanada kilipendekeza dola 5 kwa mwezi kwa kila mteja.

Wapinzani walisema kwamba asiyechukua nyimbo angelipia kosa la mwingine. Hoja hiyo ni nzito, lakini hata ikikubaliwa kwamba wote walipe, ugumu uliobaki ni wa kugawa.

Hebu tuchukue mfano. Wateja wawili wanalipa shilingi 1,000 kila mmoja. Wa kwanza anasikiliza nyimbo 90, zote za mwanamuziki A. Wa pili anasikiliza nyimbo 10, zote za mwanamuziki B. Tukigawa kwa hesabu ya nyimbo zote, A atapata shilingi 1,800 na B shilingi 200. Basi shilingi 800 za mteja wa pili zimemwendea mtu ambaye hakumsikiliza kamwe! Tukigawa fedha za kila mteja peke yake, A na B watapata shilingi 1,000 kila mmoja.

Njia ya pili hudai tujue kila mteja amesikiliza nini, yaani turudi kuchungulia ndani ya nyumba. Njia ya kwanza yaweza kutosheka na sampuli ya wateja wachache waliokubali kuhesabiwa. Lakini sampuli ikiwa ndogo, mwanamuziki mwenye wasikilizaji wachache huenda asionekane kabisa.

Leo huduma nyingi za muziki hutoza ada ya mwezi kwa hiari, na nyingi hugawa kwa kanuni inayofanana na ya kwanza. Walimu wa hisabati wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: ongezeni wateja wawe kumi, badilisheni idadi za nyimbo, kisha mjadiliane ni mgawanyo upi ulio wa haki.