Mwani Unaokula Sukari Gizani

Mwani wa hadubini aitwaye Chlorella vulgaris anaweza kuishi bila jua. Mtie katika maji yenye madini na glukosi, mfungie kabatini, naye ataendelea kugawanyika. Euglena gracilis hufanya jambo la ajabu zaidi: akikaa gizani hupoteza umbijani wake na kupauka, kisha akirudishwa kwenye mwanga hurejea ukijani baada ya siku chache.

Kwa hiyo anayetaka kufuga mwani nyumbani bila taa hana shida kubwa ya kuwalisha. Shida ni wadoezi. Bakteria aina ya E. coli, akipata joto na chakula cha kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo mmoja huzaa zaidi ya milioni 16 kwa saa 8. Muda huo, Chlorella huenda hajagawanyika hata mara mbili.

Ndiyo maana nashauri kazi ya giza ianzie kwenye mwanga. Pika aga na madini, bila sukari, ndani ya sufuria ya presha, umimine katika visahani safi vyenye vifuniko. Choma kitanzi cha waya motoni mpaka kiive, kipoe, uchovye maji ya bwawa na kuchora mistari juu ya aga. Weka visahani dirishani, mbali na jua kali. Hapo bakteria wengi hukosa chakula, ilhali mwani hujitengenezea chake. Vikitokea vidoti vya kijani, chukua kimoja ukichore upya kwenye kisahani kingine. Rudia tena na tena, kwa sababu bakteria hunasa kwenye ute unaozizunguka seli za mwani. Mwisho tia mwani huo kidogo katika maji ya sukari: yakitibuka baada ya siku moja au mbili, bado hujamtenga.

Martinus Beijerinck wa Uholanzi alimpata Chlorella akiwa peke yake mwaka 1890, kwa jelatini, na ustadi huo bado unanistaajabisha.

Viwandani, Crypthecodinium cohnii, asiye na umbijani kabisa, hukuzwa kwa sukari katika matangi yasiyo na mwanga, na mafuta yake ya omega-3 yaitwayo DHA hutiwa kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Lakini usionje ulichokivua bwawani. Prototheca, ndugu mweupe wa Chlorella, husababisha ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe na anaweza kumwambukiza binadamu. Kidoti cheupe usichokijua kipike kwenye presha kabla ya kukitupa.