Blanketi la Kutoa Jasho: Tuanze na Mtu, Kisha Kifaa

Kipupwe kikiingia Singida, mji ulio takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi huwafuata wazee wetu hadi vitandani. Ijumaa moja, baada ya Swala, mzee mmoja alinijia na simu mkononi. Mwanawe aliye ughaibuni alitaka kumtumia blanketi la umeme la kutoa jasho, lile linalotumia miale ya infraredi, yaani joto lisiloonekana kwa macho. "Katibu, nikubali?" aliuliza. Nami nikamuuliza: "Mzee wangu, miguu yako husikia moto?" Akanyamaza. Ana kisukari, na kaa la jiko lilipata kumuunguza kidole asihisi.

Kutoa jasho kwa joto si jambo geni kwetu. Bibi zetu walijifukiza kwa nyungu ya mwarobaini na mchaichai, na mwaka 2020, wakati wa korona, nyungu ilirejea katika nyumba nyingi nchini. Lakini anayejifukiza akizidiwa hutupa shuka. Blanketi hili ni kama mfuko: mtu huingia mpaka shingoni, na baadhi yake hufikia nyuzi 70 na zaidi. Asiyehisi joto ataungua huku ametulia.

Basi anayechagua na atazame kwanza nani atalala humo. Mjamzito ajiepushe, kwani mwili kupata joto kali kwaweza kudhuru mimba, hasa miezi ya mwanzo. Watoto wadogo wasiingizwe kamwe. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au ganzi ya kisukari asitumie bila ushauri wa daktari. Aliyefunga angoje hadi afuturu na kunywa maji ya kutosha.

Kisha kitazamwe kifaa. Umeme wetu ni wa volti 230. Kilichotengenezwa kwa volti 120 za Marekani kitaungua, au kiunguze nyumba. Kiwe na kipima muda kinachokizima chenyewe, kitufe cha kupunguza joto kilicho karibu na mkono, na waya usio na mchubuko. Mtumiaji avae nguo nyepesi za pamba, asisinzie, wala asiwe peke yake nyumbani.

Wauzaji husema kwamba blanketi hili huondoa sumu mwilini na kupunguza unene. Kazi ya kuondoa sumu Allah ameipa ini na figo. Jasho kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi. Kilo inayopungua hurudi pamoja na maji unayokunywa. Faida iliyo wazi ni kulegeza misuli na kuburudisha mwili, tena nyumbani, pasipo kufichua sitara mbele ya watu.

Miili yetu ni amana, na dini imetukataza kujidhuru. Yule mzee alimwomba mwanawe ampelekee blanketi zito la sufu, na fedha iliyobaki iwe nauli ya kwenda kliniki kupimwa miguu. Mwanawe alikubali.