Paa la Matatu: Maji Huingilia Wapi?

Je, wajua kwamba huko Meru mvua zinazoitwa fupi, za Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida huleta maji mengi kuliko zile ndefu za Machi hadi Mei? Upepo unaovuma kutoka Bahari ya Hindi hufika umejaa unyevu, ukakuta miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya na kulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa huachilia mvua. Nkubu, kusini kidogo ya mstari wa ikweta kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, imekaa katika mteremko huohuo, na matatu zinazoshuka kutoka Meru kuelekea Chuka na Embu hupitia hapo zikiwa na mizigo kwenye keria.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Minibasi yenye paa la urefu wa mita 7 na upana wa mita 2 ina mita mraba 14 zilizo wazi juani na mvuani. Mvua ya milimita 30 ikiipiga, paa hilo hupokea lita 420. Karibu zote huteremka pembeni bila madhara, lakini ikipenya lita moja tu, abiria wa kiti cha nyuma atashuka na bega lililolowa, na bodi itaanza kuliwa kwa ndani.

Kinachovuja si bati. Bati zima, liwe la chuma au la alumini, halipitishi hata tone. Maji huingilia pale mkono wa fundi ulipopita: kwenye kiungo cha mabati mawili, tundu la ribiti, bolti za keria, waya wa antena, fremu ya kidirisha cha juu, taa za urembo zilizopangwa juu ya kioo cha mbele. Matatu za Kenya hupendwa kwa madoido yake, na napenda kuyatazama kama mtu yeyote, ila kila pambo lililokazwa juu ya paa limetobolewa mahali pake. Mwenye gari anayeagiza taa nne zaidi ajue ameagiza pia matundu manane.

Matundu hayo huzibwa siku gari linapotoka kwa fundi wa bodi, na huwa yamezibwa vizuri. Kinachoyafungua ni jua. Chuma hurefuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, na alumini hurefuka karibu mara mbili ya hapo, sehemu 23. Paa la mita 7 lililoamka na nyuzi 15 asubuhi ya baridi ya Nkubu, kisha likachomwa na jua la mchana hadi nyuzi 60, hurefuka kwa milimita 4 hivi likiwa la chuma na kwa milimita 7 likiwa la alumini. Jioni hurudi. Bodi ikiwa na mbavu za chuma na ngozi ya alumini, vitu hivyo viwili huvutana kila siku, na mvutano huo wote huishia kwenye viungo na ribiti. Ndiyo maana hata nyumba za magurudumu za Marekani hazijaepuka balaa hili. Airstream walipotoa Clipper yao mwaka 1936, ikiwa na mabati ya alumini yaliyounganishwa kwa ribiti kama ndege, walitengeneza kitu kizuri sana, na hadi leo wanaotunza magari ya aina hiyo hukagua mishono ya paa kila mwaka.

Mwendo nao huongeza lake. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, ziliweka vidhibiti mwendo kwenye matatu na kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Hata kwa kasi hiyo ya kisheria, upepo unaogonga ukingo uliokabili mbele una msukumo wa kutosha kupandisha maji zaidi ya sentimita mbili kwenda juu. Raba ya kidirisha yenye mdomo wa sentimita moja, ambayo haivuji kabisa gari likiwa limeegeshwa stejini, huzidiwa likiwa mbioni. Msukumo huo hukua kwa mraba wa kasi: mwendo ukizidi maradufu, nguvu huzidi mara nne. Dereva anaposema gari huvuja likikimbia tu, fundi amsikilize, kwani amekwisha kumwonyesha pa kuanzia, yaani kingo zinazotazama mbele.

Kupata tundu lenyewe ndiko kunakochosha watu. Maji yakishapenya hung'ang'ania upande wa chini wa bati na kutambaa kufuata ubavu wa paa mpaka yakutane na skrubu au kona ya dari, ndipo yadondoke. Gari likiegeshwa pua ikielekea bondeni, na Nkubu ni nadra kupata pa kuegesha palipo tambarare, tundu la katikati ya paa huweza kumlowesha dereva. Kupaka gundi juu ya mahali panapodondoka ni kubahatisha.

Njia ya kuaminika ni ya subira. Ondoa dari, mwingize mtu mmoja ndani na tochi, kisha mwaga maji kwa mpira ukianzia chini, kwenye kona za kioo cha mbele na madirisha, na kupanda polepole, ukingoja dakika kadhaa kila hatua. Ukianzia juu maji yatateremka na kupita kila mahali, usijue ni wapi palipovuja. Kuna njia nyingine isiyohitaji hata tone ndani: funga milango na madirisha yote, washa feni ya gari ivute hewa ya nje kwa nguvu, kisha pakaza maji ya sabuni juu ya mishono. Palipo na upenyo patatoa povu.

Sasa kuhusu dawa yenyewe, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Silikoni ya bei nafuu inayonuka siki hutoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo hula chuma kilicho wazi. Inaweza kuziba maji mwezi huu huku ikipanda kutu chini yake. Zaidi ya hapo, rangi haishiki juu ya silikoni, na mabaki yake yasipokwanguliwa yote hata silikoni mpya haitashika vizuri. Lami nayo hulainika kwenye joto na kupasuka kwenye baridi. Gundi ya poliyurethani ndiyo inayofaa mishono ya bodi, kwa kuwa hubaki na mnyumbuko unaofuata kule kurefuka na kurudi kwa bati. Ila hukauka kwa kufyonza unyevu wa hewani, kutoka nje kuelekea ndani, milimita chache tu kwa siku. Matatu iliyozibwa saa nne asubuhi na kurudi barabarani saa sita imezibwa ngozi ya juu tu.

Kabla ya gundi yoyote, cha zamani kikwanguliwe mpaka bati lionekane, kutu isuguliwe, mafuta yafutwe, chuma kipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Paa lenye tabaka tano za gundi zilizopandana ni paa ambalo halijawahi kutengenezwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu kiti kilicholowa ndicho hasara ndogo. Maji yaliyopenya huteremka ndani ya nguzo za bodi, zile bomba za mraba zilizo kati ya madirisha, na kukaa humo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, hivyo huvimba na kupasua vichomeleo kwa ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Nguzo hizo ndizo zinazobeba paa gari linapobingirika, ndiyo sababu kuna viwango vya ujenzi wa bodi, kama KS 372 cha Shirika la Viwango la Kenya. Gari lililotoka kiwandani na nguzo imara huweza kuipoteza nguvu hiyo kidogokidogo kupitia tundu moja la keria.

Kwa hiyo fundi anayemaliza kuziba paa ashuke pia chini ya gari. Agonge nguzo kwa kishikio cha bisibisi. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Kisha atazame vitundu vidogo vilivyo mwisho wa nguzo, karibu na sakafu. Hivyo viliwekwa makusudi ili maji yatoke. Mara nyingi huwa vimejaa matope, au vimezibwa kwa gundi na mtu aliyedhani anasaidia. Waya mwembamba unatosha kuvizibua, kabla ya Oktoba.