Kutunza Hati na Picha za Simu

Bibokoboko ni mahali pa milima, juu ya mji wa Baraka, katika wilaya ya Fizi. Mwezi wa Oktoba 2021 vita vilifika huko. Nyumba zilichomwa moto, na watu wengi wakakimbia. Wengine wakashuka hadi Baraka. Anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na blanketi. Shahada ya shule hubaki sandukuni, nayo huungua pamoja na nyumba.

Siku hizi watu hupiga picha karatasi zao kwa simu: shahada, cheti cha kuzaliwa, kadi ya uchaguzi. Ni vizuri. Picha ya shahada si shahada yenyewe, lakini huonyesha namba na mwaka, na kwa hizo shule yaweza kutafuta jina katika vitabu vyake. Tena ndani ya simu mna picha ya bibi aliyekwisha kufa, ambayo hakuna ofisi iwezayo kuitoa tena. Je, simu ikianguka mtoni?

Kwanza ifahamike picha inakaaje. Ukiipasua simu hutakuta picha ndogo ndani yake. Kila kitu kimeandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Herufi A huandikwa 01000001. Picha moja ina mamilioni ya tarakimu hizo, nazo hushikwa na umeme kidogo sana uliofungiwa ndani ya simu, au katika kadi ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Kadi ikivunjika, au ikikaa miaka mingi bila kutumiwa, tarakimu zaweza kupotea, na picha isifunguke. Kumbe karatasi iliyochakaa bado husomeka!

Lakini tarakimu zina faida kubwa. Anayenakili kitabu kwa mkono hukosea. Tarakimu zikinakiliwa vema, nakala ni sawasawa na ile ya kwanza, hata mara mia. Basi dawa ni kuwa na nakala kadhaa, zikae mahali mbalimbali.

Jambo hili si geni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwamuru paroko kumpelekea askofu, kila mwisho wa mwaka, nakala ya vitabu vya ubatizo na ndoa. Parokia ikiungua, majina yalikuwa salama kwa askofu.

Mtu wa Bibokoboko atafanyaje? Nakala ya kwanza ni ile ya simu. Ya pili huwekwa katika flashi, mjini penye kompyuta. Flashi isikae mfuko mmoja na simu, maana mwizi mmoja atachukua zote mbili. Heri itunzwe na shangazi anayekaa mbali, kama Uvira. Ya tatu hutumwa kwa intaneti, katika sanduku la barua pepe la mwenyewe, na neno la siri lisisahauliwe. Picha ikitumwa kwa WhatsApp, kwa desturi hupunguzwa, na herufi ndogo za cheti zaweza kufifia. Afadhali itumwe kama hati.

Kuna na majina. Simu huipa picha namba tu, na mwenye picha elfu mbili za harusi na mbuzi ataitafuta shahada mpaka jioni. Iitwe “shahada ya mama 2014”. Na kila likizo kubwa nakala zote zifunguliwe, moja moja, na flashi iliyozeeka ipatiwe mwenzake mpya kabla haijafa.